Bei ya dagaa na vitabu vya uchumi: mwongozo kwa msomaji asiye mchumi

Mbalamwezi inapokomaa juu ya Ziwa Tanganyika, dagaa mjini Kigoma huwa ghali. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku na ya taa: samaki hufuata mwanga, wavu hutegwa chini yao, na usiku wa giza ndio usiku wa mavuno. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haiwakusanyi tena, na mitumbwi mingi hupumzishwa ufukweni kwa siku kadhaa. Wanunuzi ni walewale, mzigo umepungua, bei inapanda. Giza likirudi, inashuka. Aliyekulia Kibirizi, Katonga au Ujiji anayajua haya tangu utotoni. Lakini huyohuyo akifika kidato cha tano, akafungua kitabu cha uchumi na kukuta mistari miwili inayokatana, mmoja wa mahitaji na mwingine wa ugavi, anaona ni somo la watu wengine, na analikariri ili avuke mtihani.

Kuna vitabu vilivyoandikwa kuziba pengo hilo. Vimeandikwa na wachumi, wakati mwingine na waandishi wa habari, kwa ajili ya mtu ambaye hakusomea uchumi na hana haja ya kanuni zake za hesabu. Baadhi vimeuzwa kwa mamilioni. Shida yake ni kwamba ukisoma kimoja unatoka na uhakika mkubwa, ukisoma cha pili uhakika ule unavunjika, kwa sababu mwandishi wa pili anamkana wa kwanza karibu kwa kila jambo. Vijana wengi ninaozungumza nao huishia hapo, wakiamini kwamba uchumi ni maoni tu na kila mtu ana ya kwake.

Mkanganyiko huo unafunguka. Karibu kila kitabu cha aina hii kinaanza na swali moja, kinalijibu vizuri, kisha kinajaribu kulipeleka jibu hilohilo kwenye maswali ambayo halikukusudiwa. Msomaji akilijua swali la mwanzo la mwandishi, anajua mahali pa kumwamini na mahali pa kumsimamisha. Na sisi wa Kigoma tuna nafasi nzuri ya kuyapima majibu hayo, kwa sababu mambo ambayo wengi wa waandishi hawa huyaeleza kwa mifano ya kutunga hufanyika mbele ya macho yetu, ziwani na sokoni.

Bei inabeba habari

Swali la kwanza ni la bei: inafanya kazi gani? Vitabu viwili vinavyolishughulikia vizuri ni Basic Economics cha Thomas Sowell, kilichotoka mwaka 2000, na The Undercover Economist cha Tim Harford cha mwaka 2005. Nyuma ya hoja hii yuko mchumi Friedrich Hayek, aliyeandika mwaka 1945 makala fupi ambayo unaweza kuieleza yote kwa dagaa.

Mama anayeuza dagaa Kariakoo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka ziwani, hajui mwezi umefikia wapi. Hajui kama upepo ulikuwa mbaya juzi, kama mafuta ya injini yameadimika, au kama wanunuzi wa Kongo wamekuja na fedha nyingi wiki hii. Anachopokea ni namba moja tu, bei ya jumla. Imepanda, basi ananunua kidogo, naye mteja wake anabadili mboga na kuchukua maharage. Maelfu ya watu wamepunguza matumizi ya kitu kilichoadimika bila yeyote kuwaamuru, na bila wengi wao kujua sababu. Hayek alisema hakuna ofisi inayoweza kukusanya maarifa hayo yote kwa wakati, kwa kuwa yamo vichwani mwa watu wengi na hubadilika usiku mmoja.

Jirani zetu wa Tabora wana ushahidi wake ardhini. Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mipango ilichorwa London: mamilioni ya eka, matrekta, ratiba. Udongo ulikuwa mgumu kuliko walivyodhani, mvua haikufuata ratiba, na mitambo iliharibika porini. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36 za wakati ule. Wakulima wa maeneo yale walikuwa na maarifa ambayo mpango haukuyauliza.

Utafiti ninaoupenda zaidi katika suala hili unatoka Kerala, kusini mwa India, ambako Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa dagaa-papa kati ya mwaka 1996 na 2001, kipindi ambacho mitandao ya simu ilikuwa inafika pwani hatua kwa hatua. Kabla ya simu, mvuvi alirudi na mzigo kwenye mwalo wake wa kawaida. Akikuta wenzake wamevua sana siku hiyo, bei inaanguka, wakati mwingine hadi sufuri, na samaki wanatupwa, huku mwalo wa pili, kilomita chache tu, wanunuzi wamekosa samaki. Kwa jumla samaki waliotupwa walikuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya mavuno. Simu zilipofika, wavuvi walianza kuuliza bei wakiwa bado majini. Upotevu ulikaribia kwisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Ni nadra katika uchumi kukuta muuzaji na mnunuzi wote wamefaidika kwa jambo moja na kwa namna inayopimika. Mvuvi wetu wa dagaa ana nafuu nyingine, kwa kuwa dagaa huanikwa na kungoja. Mwenye migebuka mibichi ndiye anayemhitaji sana Jensen.

Harford anaongeza kitu ambacho Hayek hakukikazia. Anauliza nani anapata fedha ya kikombe cha kahawa kinachouzwa ghali ndani ya kituo cha treni London, na jibu lake ni mwenye jengo. Mashamba ya kahawa ni mengi duniani, wauza kahawa ni wengi, lakini nafasi mlangoni mwa kituo ni chache, na anayemiliki kilicho kichache ndiye anayepanga masharti. Hoja yenyewe ni ya David Ricardo, mchumi Mwingereza, ya mwanzoni mwa karne ya 19, alipoeleza kodi anayolipwa mwenye ardhi. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi, mkoani kwetu, anapojiuliza kwa nini kahawa yake ni ghali Ulaya na rahisi shambani, aanze kuhesabu: njiani kote, ni wapi walipo wengi, na ni wapi walipo wachache? Swali hilo linafaa pia kwenye dagaa. Mwenye mtumbwi, mwenye injini na taa, mwenye lori, mwenye ghala: nani kati yao hawezi kubadilishwa kesho asubuhi?

Mwisho wa hoja ya bei umeonyeshwa na Amartya Sen, mchumi wa India. Mwaka 1943, akiwa mtoto wa miaka tisa, aliona njaa ya Bengal iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni mbili na tatu. Mwaka 1981 alichapisha kitabu kinachoonyesha kwamba chakula cha mwaka ule hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza vifo vile. Vibarua, wavuvi na mafundi wadogo walikuwa wamepoteza uwezo wa kukinunua. Bei ilifanya kazi yake ya kupeleka mchele kwa wenye fedha. Kwa hiyo ukimsoma Sowell kuhusu ubora wa bei, kumbuka kwamba bei inasikia haja ya mwenye fedha peke yake.

Jambo la pili katika kundi hili nalieleza haraka kwa sababu ni rahisi na watu hulisahau. Frédéric Bastiat, Mfaransa, aliandika mwaka 1850 kuhusu kioo kilichovunjwa dukani: watu wanajifariji kwamba angalau fundi vioo atapata kazi, na hawamwoni fundi viatu ambaye fedha ileile ingemfikia kama kioo kingebaki kizima. Henry Hazlitt alijenga kitabu kizima juu ya kisa hicho mwaka 1946, Economics in One Lesson. Wachumi huiita gharama ya fursa. Ni chombo kizuri cha kusikilizia hotuba za bajeti: kila mradi unaotajwa, uliza fedha hiyo ingefanya nini kingine.

Mafuta yanatoka wapi

Hapa ndipo vitabu vinapogombana kweli, na ndipo mtu wa Kigoma ana la kusema.

Mkoa wetu una michikichi tangu zamani. Mawese na mise, yaani mafuta ya kokwa, vinakamuliwa vijijini, na dumu la mawese ni zawadi ya kawaida kwa ndugu wa mbali. Hata hivyo Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, na mengi kati ya hayo ni mafuta ya michikichi ya Asia, ya Malaysia na Indonesia. Je, ni kosa?

Ricardo angesema tusikimbilie kujibu. Mwaka 1817 alitoa mfano wa Uingereza na Ureno. Uingereza ilihitaji wafanyakazi 100 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha nguo, na 120 kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo. Ureno ilihitaji 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno inashinda kote kuwili, kwa hiyo inaonekana haina sababu ya kununua chochote kwa Mwingereza. Lakini tazama tena. Ureno ikitoa mvinyo wa kazi ya watu 80, inapata nguo ambazo zingeigharimu watu 90. Uingereza ikitoa nguo za watu 100, inapata mvinyo ambao ungeigharimu watu 120. Wote wameokoa kazi. Hiyo ndiyo faida linganishi: cha kuangalia ni kile unachokiacha ili ufanye hiki, na kumzidi jirani katika kila kitu hakuondoi sababu ya kufanya biashara naye. Ni mojawapo ya mawazo machache katika uchumi ambayo hayaonekani kwa macho mpaka uyahesabu, na nakusihi uyahesabu kwa mkono wako mwenyewe. Ukifuata mantiki hiyo, tununue mafuta Malaysia kama ni rahisi huko, na sisi tuuze tunachoweza zaidi.

Sasa anaingia Ha-Joon Chang, mchumi wa Korea Kusini aliyefundisha Cambridge kwa miaka mingi. Katika Kicking Away the Ladder cha mwaka 2002 na Bad Samaritans cha mwaka 2007 anauliza swali tofauti: nchi zilizo tajiri leo zilifikaje hapo? Anajibu kwa historia. Uingereza ilivilinda viwanda vyake kwa ushuru mzito kwa muda mrefu kabla ya kuhubiri soko huria katika karne ya 19. Marekani, tangu vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe hadi Vita Kuu ya Pili, ilikuwa miongoni mwa nchi zenye ushuru mkubwa zaidi duniani. Korea ilipotaka kujenga kiwanda cha chuma, Benki ya Dunia ilikataa kuukopesha mradi ule, na kiwanda kilijengwa hata hivyo, kikaja kuwa miongoni mwa vikubwa duniani. Namba za Ricardo, anasema Chang, zinachukulia ujuzi wa leo kama umeganda. Nchi inaweza kujifunza.

Michikichi yenyewe ni shahidi mzuri kuliko chuma. Mti huu asili yake ni Afrika. Miche minne ilipandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara huko Malaya lilianza mwaka 1917. Mwaka 1941, Yangambi, ndani ya Kongo ya Wabelgiji, watafiti walieleza jinsi mbegu ya tenera inavyopatikana kwa kuzalisha pamoja aina mbili za michikichi, dura yenye kokwa nene na pisifera isiyo na kokwa ngumu. Tenera ina nyama nyingi, na kwa hiyo mafuta mengi. Ugunduzi ulifanyika nchi ambayo tunaiona ng'ambo ya ziwa jioni kukiwa kweupe, na mavuno makubwa yakaja kuonekana Asia. Malaysia ilipanda tenera kwa wingi, ikawapa ardhi wakulima wasio na mashamba kupitia mamlaka ya FELDA iliyoundwa mwaka 1956, na kuanzia miaka ya 1970 ikapanga ushuru wake ili mafuta ghafi yatozwe zaidi yanapotoka nje kuliko yaliyosafishwa, viwanda vya kusafisha vikabaki nyumbani. Faida linganishi ya Malaysia ilitengenezwa. Michikichi mingi ya zamani ya Kigoma ni dura, na kampeni iliyoanzishwa mwaka 2018 chini ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, pamoja na kazi ya kituo cha utafiti cha Kihinga, inahusu kuwafikishia wakulima mbegu ya tenera.

Yupo wa tatu katika ugomvi huu, mwanahistoria Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipochapisha How Europe Underdeveloped Africa mwaka 1972. Swali lake ni nani aliyezipanga namba ambazo Ricardo anazikuta mezani. Angalia Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914: inatoka bara kwenda pwani, na iliwekwa na Wajerumani ili kutoa mazao na kuingiza utawala. Haikuundwa kuunganisha masoko yetu sisi kwa sisi.

Nani ana haki? Mimi naona Ricardo ana haki juu ya mwaka huu, Chang juu ya miaka ishirini ijayo, na Rodney juu ya miaka mia iliyopita. Anayetaka kuzuia mafuta ya nje kesho asubuhi amesahau kwamba mama lishe wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, atanunua mafuta kwa bei ya juu kabla mche mmoja haujazaa. Anayesema tuache michikichi kwa kuwa Malaysia ni rahisi amesahau kwamba Malaysia nayo ilianza bila kitu. Na ulinzi wa viwanda umeshindwa katika nchi nyingi ambazo Chang hazisimulii kwa urefu ule anaoisimulia Korea. Hapo ndipo pa kumsimamisha.

Ushanga wa Ujiji na kikapu cha bei

Fedha ni somo ambalo vitabu hulianza na hadithi ya watu wa kale waliobadilishana mbuzi kwa nafaka. Sisi tuna hadithi yenye ushahidi. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba soko la Ujiji lilitumia ushanga ulioitwa sofi kununulia samaki, muhogo na mboga. Ushanga haukuliwa na haukuwa dhahabu. Ulikuwa fedha kwa sababu muuza samaki alijua kwamba muuza muhogo ataupokea. Noti iliyo mfukoni mwako inasimama juu ya imani hiyohiyo, na kazi ya Benki Kuu ni kuilinda isipungue nguvu haraka.

Kupungua nguvu huko ndiko mfumuko wa bei, na hapa pana jambo linalowakera wengi. Takwimu rasmi za mwaka 2024 zilionyesha mfumuko wa karibu asilimia 3, na mtu anayetoka sokoni Mwanga na kapu jepesi anaona amedanganywa. Hakuna aliyedanganya. Namba hiyo ni wastani wa kapu la bidhaa na huduma za nchi nzima, likiwamo la mtu anayelipia hoteli na intaneti ya kasi. Ernst Engel, mtakwimu wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu ya mapato yake inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Unga na mafuta vikipanda huku bei za simu zikishuka, wastani unatulia, na kaya maskini inaumia. Kila nyumba ina mfumuko wake.

Kausha damu

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuendesha sera yake kwa kutangaza riba, ikianzia asilimia 5.5, na Aprili ikapanda kuwa 6. Vitabu vya uchumi vya Ulaya na Marekani vinaeleza vizuri jinsi riba ya benki kuu inavyoshuka ngazi hadi kwa mtu anayekopa nyumba. Mwanamke anayeanika dagaa hakopi huko. Anakopa kwenye kikoba, au mahali penye mkopo wa siku hiyohiyo na marejesho ya kila wiki ambao mtaani unaitwa kausha damu, kwa riba isiyo na uhusiano wowote na hiyo ya Benki Kuu.

Kitabu cha kusoma hapa ni Poor Economics cha Abhijit Banerjee na Esther Duflo, cha mwaka 2011. Mwaka 2019 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Kremer. Swali lao ni dogo na la heshima: mtu mwenye fedha kidogo sana anaamuaje? Nimekipenda kwa sababu hakiwadharau maskini na wala hakiwapambi. Wanapima. Hyderabad, India, walichukua mitaa 104, nusu yake ikafikiwa na taasisi ya mikopo midogo kwanza, kisha wakalinganisha. Waliokuwa na biashara waliikuza kidogo, baadhi walinunua vitendea kazi, lakini matumizi ya kaya kwa jumla hayakupanda, na elimu na afya hazikubadilika. Mikopo midogo haikuwa mwujiza uliohubiriwa, wala haikuwa balaa. Kisha wanaeleza kwa nini marejesho ya kila wiki yanayoanza mara moja hulipika vizuri kwa mkopeshaji, na kwa nini ratiba hiyohiyo inamzuia mkopaji kujaribu biashara inayochelewa kulipa. Mwanika dagaa ataelewa mara moja: mbalamwezi haijui tarehe ya marejesho.

Kitabu hicho kinasimulia pia utafiti wa Kenya kuhusu vyandarua. Bei ikipanda kutoka bure hadi chini ya dola moja, waliochukua chandarua walipungua sana, na waliopewa bure walikitumia sawa na walionunua. Katika mkoa wenye malaria kama wetu, ambako mara nyingi husikika kwamba cha bure hakithaminiwi, matokeo hayo yanafaa kujulikana.

Ziwa la wote

Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika kuhusu malisho ya wote. Kila mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida ni yake peke yake na hasara ya nyasi inagawanywa kwa wote, kwa hiyo kila mmoja anaongeza mpaka malisho yanakufa. Akaona njia mbili: malisho yagawiwe watu binafsi, au serikali iyashike. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha njia ya tatu. Kitabu chake cha mwaka 1990, Governing the Commons, si chepesi kama vingine, lakini sura za mifano zinasomeka na yeyote. Mmoja ni wa wavuvi wa Alanya, Uturuki. Kila Septemba waliandika orodha ya wavuvi na orodha ya sehemu za kuvulia, wakachagua kwa bahati nasibu nani aanzie wapi. Hadi Januari kila mmoja alisogea sehemu moja kuelekea mashariki kila siku, kisha hadi Mei kuelekea magharibi. Kila mtu alipata zamu ya sehemu nzuri, na aliyeiba zamu alionekana mara moja na mwenye zamu yake.

Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kwa Hardin, hiyo ni serikali imeshika. Ostrom angeuliza zaidi. Dagaa hawana pasipoti, kwa hiyo upande mmoja ukifunga na mwingine ukavua, akiba inakwenda kwa mwingine. Ndiyo maana mkataba wa mwaka 2003 na mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura vina maana. Angeuliza pia kama kanuni zilitungwa na wanaoingia majini, nani analinda, na adhabu inaanza ndogo au kubwa. Na gharama ya miezi mitatu ilibebwa na nani? Mwenye mtumbwi ana mali inayomngoja. Baharia analipwa kwa mgao wa mavuno, bila mavuno hana mgao. Wanawake wanaoanika hawahesabiwi hata kuwa wavuvi.

Uchumi peke yake pia hautoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kimepungua. Hata wavuvi wangekuwa wachache, sehemu ya upungufu ingebaki.

Kuvisoma

Mwanzoni kabisa ningempa mtu The Worldly Philosophers cha Robert Heilbroner, cha mwaka 1953, kwa sababu kinasimulia maisha ya Smith, Ricardo, Marx na Keynes na msomaji anaona kila wazo lilizaliwa na tatizo gani. Baada yake Harford, kisha Chang mara moja, kabla uhakika wa Harford haujakomaa. Banerjee na Duflo wa nne.

Uwe mwangalifu na vitabu vinavyosisimua sana. Freakonomics cha mwaka 2005 kilipata umaarufu kwa hoja kwamba kuhalalishwa kwa utoaji mimba kulipunguza uhalifu Marekani, na mwaka huohuo wachumi wengine walionyesha kosa la programu katika hesabu zake. Mabishano yameendelea tangu hapo. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia mwenye Nobel ya uchumi ya mwaka 2002, alikubali hadharani kwamba sura moja ya kitabu chake cha mwaka 2011, Thinking, Fast and Slow, iliamini mno tafiti dhaifu. Vitabu vyote viwili bado vina faida. Ila tazama mwaka wa kuchapishwa, na uulize nini kimejulikana baadaye.

Lugha ni kikwazo cha kweli, maana vyote hivi nimevisoma kwa Kiingereza. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora, akafundisha Tabora, kisha akasomea historia na uchumi Edinburgh, alitafsiri Mabepari wa Venisi mwaka 1969, tamthilia ambayo kiini chake ni mkopo na dhamana. Ningefurahi kuona Heilbroner kwa Kiswahili cha namna ile. Kwa sasa, watu wanne wanatosha. Kila mmoja achukue sura moja na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya wengine, karatasi ikiwa imefungwa, na kwa mfano wa mahali anapofanyia kazi. Akikwama, wote warudi kwenye ukurasa ule pamoja.